Chaji Ilikuwa Imekwisha

Magharibi ilikuwa inaingia Hafidha alipoteremka kwenye bodaboda pale Bigwa, kilaptop chake kikiwa ndani ya mfuko wa kitenge. Alikuwa ametumwa kitu kimoja tu: alete sauti ya bibi.

Bibi yake, marehemu sasa, ndiye peke yake aliyeyajua majina ya wahenga wa ukoo, yote, kwa mpangilio wake. Kabla hajafa alimwita Hafidha, msomi wa familia, akamwambia amrekodi. Leo arobaini imetimia, majina yanatakiwa kutajwa kaburini, na mjomba Kondo, mkuu wa ukoo, hajui hata nusu yake.

Na sauti yenyewe haipo.

Kile kilaptop, jamani, ukikiona dukani utakipenda, chepesi kama daftari, lakini hakibebi kitu. Programu ya chuo ilikataa kuingia. Memori imejaa, kikasema, futa kitu. Hafidha alikuwa na ripoti ya kukabidhi asubuhi. Akamfuta bibi. Alijiambia kwamba nakala anayo kwenye simu, na siku alipokuja kuitafuta hakuona kitu.

Sasa alikuwa na uongo wake tayari. Tangu juzi hakukichaji, makusudi. Kila mtu anajua betri za vidude vile hazimalizi hata nusu saa, nani angemlaumu?

"Shikamoo, mjomba. Chaji imeisha."

"Marahaba. Kiweke tu hapo."

Akakiweka juu ya mkeka, kando ya kaburi. Kioo cheusi. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka mlimani…

Kwanza ilikuja harufu ya ugoro. Ugoro wa bibi.

Kisha kikohozi.

Kilitoka ndani ya kilaptop.

Kioo bado kilikuwa cheusi. Sauti ya bibi, ileile yenye mkwaruzo, ikaanza kuwataja marehemu mmoja mmoja, taratibu, na kwa kila jina mjomba alimwaga chini maji yenye unga. Mama mdogo Raya alimshika Hafidha begani, akamshukuru huku analia kwamba amewatunzia mama yao. Hafidha alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nilimfuta, mama," alinong'ona. "Humo hamna kitu."

Raya hakumsikia. Alikuwa anasikiliza.

Majina yalifika la mwisho, la bibi mwenyewe. Mjomba akamwaga. Hafidha akashusha pumzi.

Kikohozi tena…

"Hafidha," ikasema sauti.

Mjomba Kondo, macho kayafumba, akalimwagia maji jina hilo pia.

Taratibu, mama mdogo Raya akautoa mkono wake begani.