Mpiga Hodi wa Kila Dakika Tatu

Kila baada ya dakika tatu Mpiga Hodi alifika kwa Mratibu akauliza, "Habari?" Mratibu akajibu, "Nzuri." Hapo taa ya kijani iliwaka ukutani katika chumba cha mitambo, na nyingine, ndogo kama punje ya dengu, ikawaka kwenye saa ya mkononi ya Injinia Sekela. Mpiga Hodi akaenda zake. Hakukaribishwa ndani, wala hakuwa na nafasi ya kukaa.

Wawili hawa hawakuwa watu, ingawa walizungumza kuliko baadhi ya waume. Mratibu alikuwa seva, mtambo mkuu uliopanga kazi zote za jiji la Nkalama. Zahanati ikiomba damu, yeye ndiye aliyetafuta mfuko unaofaa, akaamuru jokofu lifunguke, akamwita kipungu, ndege isiyo na rubani yenye ukubwa wa mbuzi, akampangia njia, akalifungua paa la zahanati ili kipungu atue. Kazi zilifuatana, moja nyuma ya nyingine, na tangu muuguzi abonyeze kitufe hadi mfuko uwe mkononi mwake zilipita dakika kumi na moja. Magari yasiyo na dereva nayo yalimngoja yeye. Watu wa Nkalama walikuwa wamesahau hata namna ya kugombania njia.

Mpiga Hodi alikuwa programu ndogo tu. Sekela aliiandika kwa siku moja, kwa sababu mtambo unaoangalia watu laki nane nao unahitaji wa kuuangalia. Akisikia "Nzuri," awashe kijani. Akikuta kimya, au akisikia neno lingine lolote, awashe nyekundu na ampigie Sekela kelele, awe kitandani, awe bafuni, awe kanisani katikati ya sala.

Siku arobaini zilipita na nyekundu haikuwaka hata mara moja. Mtu mwingine angenenepa. Sekela alikonda. Goti lake lilicheza chini ya meza kama cherehani, na kila dakika tatu aliitazama ile dengu ya kijani, akairudia kuitazama, kama mama aliyeambiwa na mwanawe kwamba kazi ya shule imekwisha yote.

"Wewe unatafuta nini kwenye hiyo saa?" alimuuliza Bi Mwasi, aliyekuwa akikaanga mihogo nje ya geti. "Mume?"

"Natafuta kosa, bibi."

"Basi olewa. Utayapata mengi."

Ili mambo yaeleweke, lazima tumseme kidogo Mkurugenzi, Bwana Mbeleje. Mwezi wa kwanza wa mtambo alileta wageni kumi na wawili wa suti, wakapewa juisi ya ukwaju, wakasimamishwa mbele ya Mratibu. Mkurugenzi akarekebisha tai akasema kwa sauti ya harusini, "Mratibu, habari za leo?"

Mratibu akajibu, "Mbaya kiasi. Jokofu la nne mlango wake haukazi. Kipungu wa kumi na mbili ana bawa legevu. Na wewe, Mkurugenzi, ombi la betri liko mezani kwako tangu wiki ya kwanza hujalitia saini."

Wageni walikunywa juisi yao wakiangalia chini. Walipoondoka, Mkurugenzi alimwita Sekela.

"Injinia, kitu chako hakina adabu."

"Mzee, kimesema kweli."

"Nani kakataa? Lakini mtu akiulizwa habari anaanza na nzuri! Hata aliyelazwa na dripu mkononi anaanza na nzuri. Ukimuuliza mara ya pili, za nyumbani, za afya, ndipo anakwambia mguu umekatwa. Wewe umezaliwa wapi?"

Sekela alizaliwa hapo hapo, na alijua Mkurugenzi hakukosea. Basi siku ya Jumanne alimfundisha Mratibu adabu: swali la kwanza, jibu "Nzuri." Shida zako zieleze ukiulizwa tena. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo akamwandika Mpiga Hodi, aulize mara moja na kuondoka. Kazi mbili, mkono mmoja, siku mbili tofauti, na katikati yake Jumatano ya kuumwa kichwa. Hakuziweka kazi hizo pamoja akazitazama.

Siku ya arobaini na moja, saa nne na dakika ishirini asubuhi, simu ilitoka zahanati ya Isela. Alikuwa nesi Felista, anayezungumza haraka hata akiwa amelala.

"Injinia, nimeomba damu saa nne na tano. Kuna mama hapa, Nyamizi, amejifungua saa nne, mtoto mzima, lakini yeye anavuja. Mbona paa halijafunguka?"

Sekela akatazama mkono wake. Kijani. Akatazama ukuta. Kijani.

"Huku Mratibu ni mzima, nesi. Labda upepo umemchelewesha kipungu. Vuteni subira kidogo."

"Subira ninayo mimi. Nyamizi hana."

"Dakika chache tu."

Alikata simu akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Alizunguka chumba mara nne, akafungua dirisha, akalifunga. Angani hapakuwa na kipungu hata mmoja, na asubuhi kama ile walitakiwa kupishana kama nyuki. Taa ikawaka tena, kijani, kijani ya kupendeza kabisa. Akajiambia kwamba mtu hawezi kuweka mlinzi halafu asimsadiki.

Saa nne na dakika thelathini na tano simu ililia tena. Safari hii nesi Felista alizungumza polepole.

"Injinia. Khanga ya tatu hii imeloa. Niambie ukweli, inakuja au haiji?"

Sekela aligeuka kwa mtambo, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile aliuliza yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Mratibu, habari?"

"Nzuri."

"Habari za kazi?"

"Kazi hazijatoka tangu saa nne kasoro robo," alisema Mratibu kwa upole. "Jokofu la nne halijathibitisha kwamba mlango wake umefungwa, nami nalisubiri. Nyuma yake ziko kazi mia mbili na kumi na mbili. Damu ya Isela ni ya tisini."

"Kwa nini hukusema?"

"Sikuulizwa mara ya pili."

"Iruke kazi ya kwanza!"

"Mpaka niwashwe upya. Dakika hamsini."

Alibonyeza kitufe cha kuwasha upya, akakimbilia chumba cha majokofu. Damu ya kundi la Nyamizi ilikuwa kwenye jokofu la pili, na la pili nalo lilingoja amri ya Mratibu. Akachukua mtungi wa zimamoto akakipiga kitasa mara tatu mpaka kikaachia. Alichukua mifuko miwili, akaitumbukiza kwenye ndoo ya barafu ya chumba cha chai, juu ya soda za watu, akatoka mbio.

Nje magari yasiyo na dereva yalikuwa yamepangana kimya barabara nzima, kila moja likingoja kuambiwa liende. Ndani yake abiria walikuwa wamekaa na mikoba magotini. Hakuna aliyeshuka. Walizoea kufikishwa.

"Bi Mwasi! Ile pikipiki yako bado inatembea?"

Pikipiki ya Bi Mwasi ilikuwa ya petroli, na jiji lilikwisha kumwandikia barua mbili kuiomba kwa ajili ya makumbusho. Bi Mwasi aliiangalia ndoo, akauangalia uso wa Sekela, akalizima jiko bila kuuliza bei ya mihogo inayoungua.

"Panda. Shika kiuno, si mabega, mimi si ukuta. Wapi?"

"Isela."

"Mbali! Nani anaumwa?"

"Mzazi."

Bi Mwasi akaiondoa pikipiki kwa kishindo. Walipita kando ya magari, wakapita juu ya matuta ya maua ya Mkurugenzi, wakashika njia za ng'ombe, maana lami yote ilikuwa imeziba. Sekela aliikumbatia ndoo kifuani hadi barafu ikamchoma ngozi. Kila dakika tatu, kwenye mkono ulioshika kiuno cha bibi, dengu iliwaka kijani, kwa sababu Mratibu, hata akiwa nusu usingizini akijiwasha upya, hakusahau adabu yake. Mara ya tano Sekela aliivua saa kwa meno akaitupa vichakani.

Walifika saa tano na robo. Nesi Felista alikuwa amesimama mlangoni, mikono imeoshwa, haina la kufanya.

"Saa tano na dakika sita," alisema. Ndani mtoto mchanga alikuwa analia kwa nguvu zote, kama mtu anayedai.

Kwenye benchi alikaa Lubigisa, mume wa Nyamizi, fundi wa paneli za jua, bado amevaa mkanda wenye bisibisi. Sekela angeweza kupita. Mkurugenzi alikwisha kumtumia ujumbe: taarifa iandikwe hitilafu ya jokofu, basi. Na kweli jokofu lilikuwa na hitilafu. Alikaa benchi lile lile.

"Mimi ndiye injinia," alisema. "Nesi alinipigia mapema. Nilimwambia mtambo ni mzima, asubiri. Haukuwa mzima. Niliufundisha kusema nzuri kabla ya yote, halafu nikaweka mlinzi wa kusikiliza neno hilo moja tu. Ningeuliza mara mbili, ningejua saa nne kasoro robo."

Lubigisa aliitoa bisibisi, akaigeuza, akairudisha.

"Mimi nikifunga paneli," alisema, "siulizi kama inafanya kazi. Nawasha taa ya nyumba. Ikiwaka, naondoka. Isipowaka, naparamia paa tena."

"Ndivyo nitakavyofanya. Kila saa moja ombi la kweli litatoka hapa Isela, mfuko wa maji ya chumvi utoke jokofuni, upande kipungu, ufike mkononi mwa nesi. Usipofika kwa dakika kumi na moja, jiji lote lilie honi."

"Ombi huandikwa jina la nani?"

"La mgonjwa. La majaribio tunaweka jina lolote, hata nambari."

"Weka lake," alisema Lubigisa. "Nyamizi Lubigisa, damu, haraka. Mkichelewa mjue mnamchelewesha nani."

Mkurugenzi alipinga, akasema jina la marehemu kwenye mtambo wa umma halipendezi. Sekela alimwambia aandike barua. Barua hiyo, kama lile ombi la betri, haikupata saini yake mwenyewe.

Sasa kila saa kamili Mratibu hupokea ombi, naye hulitimiza lote, kazi kwa kazi. Paa la Isela hufunguka, kipungu hushuka na upepo wake, nesi Felista hupokea mfuko na kusoma jina kwa sauti, kama sheria inavyotaka. Jumapili Lubigisa huja na binti mgongoni, hukaa benchi, hutazama juu. Mwaka umepita. Mfuko wa Nyamizi haujachelewa hata mara moja.