Kutoa Upepo

Nilirudi kutoka dukani jua likizama, chupa ya mafuta ya breki mkononi, nikamkuta shemeji yangu kibarazani na mabunda mawili ya nguo. Nguo za marehemu mke wangu. Yeye ni dada yake mkubwa, kwa hiyo hakuona haja ya kuniomba.

"Mwenzio yuko kaburini, wewe unahangaika na chuma," alisema.

"Chuma hakijawahi kuingia chumbani kwangu nikiwa sipo."

Alijua ninachosema. Mke wangu alipoanza kuugua, alikuwa akisaga meno mchana kweupe, kama mtu anayetafuna changarawe. Mimi nilitafuta daktari. Shemeji alisema ni upepo, kwamba kapandwa na pepo, atolewe. Nilikataa. Siku niliyokwenda kuchukua majibu ya vipimo, alimwingiza mganga wake nyumbani. Niliporudi, chumba kilinuka manyoya yaliyoungua, na mke wangu hakutamka neno tena. Alifariki wiki ileile.

Sikumfokea shemeji, hata msibani. Nilishika spana.

Nilimpita, nikaingia bandani kwenye hicho chuma chenyewe. Gari lile la spoti tulilinunua likiwa gofu: jekundu, la zamani, viti viwili, paa la turubai lililooza. Mke wangu alipiga msasa milango na kushona viti upya. Aliniita fundi makaratasi, kwa sababu sikugusa bolti kabla ya kusoma kitabu. Nilikuwa nimemwahidi kwamba nitalirudisha barabarani. Zilibaki breki tu.

Breki zikifunguliwa huingiwa na hewa, na kazi ya kuiondoa mafundi huiita kutoa upepo. Inataka watu wawili. Mmoja hukaa ndani, akakanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine hulala chini penye gurudumu, akafungua skrubu ndogo ili mafuta yatoke pamoja na mapovu. Mke wangu ndiye alikuwa wa ndani. Nikisema "Kanyaga," yeye hujibu, "Tayari, fundi makaratasi."

Safari hii nilikusudia kuibana pedali kwa kipande cha mbao. Nililala kwanza chini, nikachomeka mpira wa kutolea mafuta kwenye skrubu. Neno likaniponyoka kwa mazoea.

"Kanyaga."

Springi ya pedali ililia. Pedali ilishuka.

"Nimeshika..."

Sauti ilikuwa yake. Neno halikuwa lake.

Kisha nikasikia meno. Taratibu. Changarawe juu ya changarawe... Na ile harufu ya manyoya.

Niliinuka, nikachungulia dirishani. Kiti kilikuwa kitupu. Pedali ilikuwa imelala sakafuni, na hapakuwa na mguu.

Nyuma yangu bunda la nguo lilianguka. Shemeji alikuwa mlangoni.

"Toka humo," alinong'ona. "Toka, shemeji, nakuomba."

"Mlifanya nini?"

"Upepo ukitolewa hauachwi hivihivi. Lazima upewe pa kukaa."

"Mkaupa gari langu."

"Tuliona hatapona, tukajua utaliuza! Mwanamume gani anabaki na gari la viti viwili baada ya kufiwa?"

Hapo hasira niliyoikalia tangu msibani ilisimama. Kilichomla mke wangu walikikaribisha kwenye kiti alichokishona kwa mkono wake. Na sasa kilikuwa kikisema kwa sauti yake.

Nililala tena chini.

"Kanyaga!"

Nilifungua skrubu. Mafuta yalitoka meusi, yakitokota mapovu, na kila povu lilipopasuka lilitoa pumzi.

"Acha!" shemeji alilia. "Ukiutoa utakwenda wapi?"

Sikumwambia asogee.

Nilikwenda gurudumu hadi gurudumu. Kanyaga. Funga. Achia. Kanyaga! Nilitukana matusi ambayo sikujua kwamba ninayajua. Hatimaye mafuta yakaja safi, bila povu hata moja. Nikaita tena.

Kimya.

Niliingia ndani ya gari, nikakanyaga mwenyewe. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Harufu ilikuwa imekwisha. Hasira nayo ikaanza kunitoka, nikaona haya kidogo. Shemeji alikuwa amekaa juu ya bunda la nguo, uso ameuinamisha.

"Haya, yamekwisha," nilimwambia. "Uko tayari nikurudishe kwako?"

Hakuinua uso. Taya zake zilikuwa zikienda... taratibu... kama mtu anayetafuna changarawe.

"Tayari, fundi makaratasi."

Jina hilo shemeji hakuwahi kulisikia. Lilikuwa la bandani, la watu wawili.

Breki za gari sasa ni nzuri. Hushika mara moja. Shemeji yuko kitandani kwake, hasemi, anasaga meno mchana kutwa. Ndugu zake wanataka mganga aje amtoe upepo. Jana walikuja kuniuliza mimi nasemaje.

Sijawajibu. Sijui atakayetoka ni nani.