Chai ya Mara Saba Kwenye Boti ya Matajiri

Mara saba!

Nilisoma tena. Nikavua miwani, nikaifuta kwa leso, nikasoma mara ya tatu.

"Chai ya mgeni ipozwe kwa kumiminwa kutoka kikombe kimoja hadi kingine mara saba. Si sita. Atahesabu. Tafadhali msimcheke."

Jamani... nikasukuma kibodi kando.

Maana katika dunia hii yote mimi namjua mtu mmoja tu anayekunywa chai hivyo. Na huyo mtu alikuwa amekufa!

"Mama Hoteli, umeona jini?" Ebenyo aliniuliza. Ebenyo ndiye mwenye saiba, duka la intaneti, hapa Lodwar, kijana wa maneno mengi, na mashine yake ya tatu ndiyo ofisi yangu.

"Afadhali jini," nikamwambia. "Jini hajazi fomu."

Wasomaji wangu, ngojeni niwaeleze taratibu, maana nimechoka na sitaki kurudia.

Mimi naitwa Akidor. Nyumba yangu haijawahi kulala na wageni chini ya watano. Ukipita Lodwar huna pa kufikia, mtu atakuonyesha kwangu. Ndivyo alivyofika Federica, nesi wa Kiitaliano, akakaa kwangu miezi minane akila ugali kwa mkono. Aliporudi kwao akafungua ofisi na kaka yake. Wanakodisha boti za kifahari kwa matajiri. Wiki nzima Bahari ya Mediterania, unaanzia Nice, unapita Monako, unamalizia Portofino, na mpishi yuko humo ndani!

Mwaka 2012 akaniandikia: "Akidor, nisaidie kupanga safari za wageni. Mtu anayelisha watu thelathini bila friji hawezi kushindwa na watu wanane wenye friji nne."

Mimi! Boti ninayoijua ni ya mjomba Longor kule Lowarengak ziwani, ile inayovuja mpaka mmoja anavua samaki na mwingine anachota maji. Safari ya kwanza niliyopanga nilimuuliza Federica kama kutoka Nice hadi Monako boti zinangoja polisi wa kusindikiza, kama sisi barabara ya Kakuma. Alicheka wiki mbili.

Lakini nilijifunza. Kila mgeni anajaza fomu. Anakula nini, hali nini, analala vipi, anaogopa nini. Mimi naipokea, napanga mlo wa kila siku, naandika kadi ya chakula, natuma. Jina kamili siandikiwi. Siri ya mteja.

Sasa siku hiyo, Jumatatu moja ya mwezi wa sita 2013, jua linachoma mabati, fomu ilisema tu: "Bwana M., wa Juba, na mkewe. Wageni sita. Kuondoka Jumamosi."

Nikaendelea kusoma.

"Anywee kikombe cha bati, si cha kioo."

"Dengu ya njano isionekane mezani. Akiiona anaondoka."

"Wakati wa kulala viatu vyake visiguswe. Huvifunga kamba pamoja na kuviweka karibu na kichwa chake."

"Asilazimishwe kuingia majini. Alivuka mto akiwa mtoto, na wenzake hawakutoka."

Haya, la mto ni la watu maelfu pale kambi ya wakimbizi ya Kakuma. La dengu pia, nani hajachoka na dengu ya rasheni? Lakini yote pamoja? Na chai mara saba?

Mamer!

Miaka sita nilikuwa na hoteli ndogo Kakuma mjini, na miaka sita Mamer alikaa meza ya karibu na jiko langu, akimimina chai yake na kuhesabu kwa sauti. Wenzake walimwita Mwalimu wa Chai. Nilimpikia hadi siku ya harusi yake na Abuk. Januari 2011 akaenda Juba, kura ya maoni ya Sudan Kusini, nchi mpya, kazi. Akapiga simu miezi mitano. Halafu kimya. Halafu akaja mtu akasema lori lao lilishambuliwa njiani, hakubaki mtu.

Abuk alikataa kulia.

"Hamjaniletea hata kiatu," alisema. "Nilie nini?"

Akabaki kambini na watoto wawili, na mama mkwe wake, Mama Nyibol, ambaye macho yamekwisha kabisa. Alimhudumia mama wa mwanamume ambaye hayupo. Kila jioni chai mbili za ziada, moja ya mama, moja ya Mamer.

Na hapa ndipo penye uchungu. Faili ya Abuk ya kwenda kuishi Kanada ilikuwa imefika mwisho. Limebaki swali moja. Mume wako yuko wapi? Mara mbili ameitwa, mara mbili amejibu, "Yuko njiani." Mara mbili karani amemhurumia, akampa tarehe nyingine. Ameitwa mara ya tatu, Alhamisi ya wiki ijayo. Ya mwisho!

Na mume yuko njiani kweli. Anaenda Portofino. Na mkewe.

Mnanijua mdomo wangu. Habari kwangu haikai hata ipoe. Lakini siku ile nilifika nyumbani, sebule imejaa, na sikusema neno. Dada yangu Nakuleu alinishika paji la uso.

"Unaumwa?"

"Nimechoka tu."

Asubuhi nikapanda mbele ya lori la mboga kutoka Katilu kwenda Kakuma, na karatasi ya fomu ndani ya sidiria.

Nilimkuta Abuk anafua. Mama Nyibol yuko mlangoni, miguu ameinyoosha.

"Ejoka, mama," nikamsalimu Kiturkana.

"Ejok. Huyo ni Akidor," mama akasema. "Nasikia pumzi ya mtu mnene."

"Mama, nimekuja na maneno."

"Wewe huwa unakuja na nini kingine?"

Abuk akacheka. Nikatamani nirudi Lodwar. Lakini nikatoa karatasi, nikasoma. Viatu. Dengu. Mto. Nilipofika kwenye chai, Mama Nyibol akainua mkono.

"Mara ngapi?"

"Saba, mama."

"Mimi ndiye nilimfundisha," akasema polepole. "Ili asiungue, na ajue kuhesabu." Akaanza kutabasamu. "Mwanangu yuko hai!"

Halafu akakumbuka neno lingine nililosoma. Tabasamu likakauka.

"Na mkewe?"



Abuk alikamua shati, akalianika. Akakamua lingine, akalianika. Nilingoja apige kelele, avunje kitu. Wapi!

"Abuk, sema kitu basi."

"Nimechoka, dada Akidor. Miaka miwili nagombana na watu wanaoniambia amekufa. Kumbe wao ndio walikuwa wananionea huruma."

"Nimtukane? Nina anwani ya ofisi..."

"Hapana." Akageuka. "Chakula chake unapanga wewe?"

"Mimi."

"Na kwenye kadi ni wewe unayeandika jina la kila chakula?"

"Mimi."

"Basi mpangie chakula kimoja cha nyumbani. Halafu asiseme hajui."

Jamani, nilijua ninachoweka rehani. Ile kazi niliipenda. Lakini nilirudi Lodwar, nikakaa mashine ya tatu, nikapanga. Siku ya kwanza mchana, chakula cha kwanza, dengu ya njano ndani ya kikombe cha bati. Na kwenye kadi, mahali pa jina la chakula, nikaandika kwa Kiswahili, kwa zile herufi za kujipinda kama za harusi:

"Abuk, Watoto na Mama Nyibol Wako Hai Kakuma."

Federica hajui Kiswahili zaidi ya "lete chumvi". Akanijibu, "Jina zuri! Ni chakula cha kienyeji?"

Nikaandika, "Sana."

Jumamosi sikula. Jumapili baada ya kanisa simu ikalia. Namba ndefu ya nje.

"Haloo... namba nimepewa na ofisi ya boti, ni wewe dada unayeandika chakula?"

Sauti ya mwanamke. Kiswahili cha Nairobi safi kabisa!

Nikajikaza. Nikajua hapa natukanwa mimi na ukoo wangu.

"Ndiyo mimi. Na wewe ndiye mke?"

"Naitwa Nyaruach. Nimekulia Kawangware, kadi niliisoma kabla yake." Nilisikia upepo, na watu wanacheka mbali. "Fomu niliijaza mimi, dada. Sikutaka wamcheke."

Hapo nikakaa chini kabisa, kwenye mchanga. Nilikuwa nimemchukia mwanamume anayejiandikia chai mara saba kama mfalme. Kumbe ni mwanamke anayempenda, amemtazama mpaka amemjua, kama Abuk tu!

"Aliniambia mkewe alikufa kwa kipindupindu kambini," akasema. "Yeye na mama na watoto wote. Tuliwafanyia misa Juba. Mimi ndiye nilichagua maua."

"Haki ya Mungu..."

"Aliposoma kadi alicheka. Akasema ni jina la chakula tu. Halafu akaanza kumimina chai. Alifika mara tano, dada. Akasahau kuhesabu."

"Sasa utafanya nini?"

"Kesho tunatia nanga. Nashuka. Mwambie dada Abuk... sijui umwambie nini. Mwambie sikujua."

Jumatatu Federica akaandika mistari miwili. Mteja amekatisha safari. Usinitumie tena kadi. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Jumatano nikaenda tena Kakuma nimsindikize Abuk kwenye mahojiano ya kesho yake. Tumekaa watatu na Mama Nyibol, mchana, simu yangu ikalia. Sauti ya kiume.

"Akidor, nipe Abuk."

Hata salamu! Nikabonyeza sauti ya nje.

"Abuk, sikiliza," Mamer akasema. "Mambo si kama unavyofikiri. Wale watu wa faili ya Kanada wakikuita, usiende. Usiseme lolote. Nitatuma gari iwachukue nyote, mje Juba. Ningojeni tu. Niko njiani."

Niko njiani!

Nilimtazama Abuk. Wallahi niliona uso wake unalegea. Miaka miwili alikuwa anangoja maneno hayo mawili. Midomo ikafunguka. Nikajua hapa hapa faili inafungwa, kesho haendi, atakaa mlangoni kuangalia vumbi la gari la Juba mpaka nywele ziwe nyeupe!

Mama Nyibol akanyoosha mkono hewani.

"Nipe hiyo simu."

Akaishika kama yai.

"Nani huyo?"

"Mama! Ni mimi, Mamer!"

"Mamer gani?"

"Mama, mwanao!"

"Aa. Umekosea namba, baba," mama akasema, kwa upole kabisa. "Mimi nilikufa kwa kipindupindu. Nimesikia mlinifanyia misa nzuri. Na maua."



"Mama, tafadhali..."

"Sasa mtu aliyekufa atapandaje gari yako?"

Akanirudishia simu. Hakulia. Aliomba chai. Abuk akamimina kikombe, akaanza ile ya kupoza, moja, mbili...

"Kalas, yatosha, binti yangu," mama akamkataza. "Nipe ikiwa moto. Wewe kalale, kesho una safari ya mapema."

Alhamisi nilisimama nje ya dirisha la ofisi pamoja na watu wengine mia. Dirisha liko wazi kwa joto. Nikamsikia karani akiuliza, amechoka kama sisi.

"Mume wako yuko wapi?"

"Hayuko njiani," Abuk akasema.

"Unamaanisha amekufa?"

"Yuko hai. Ana mke. Alitutangaza sisi tumekufa. Andika hivyo hivyo."

Kalamu ikaandika muda mrefu.

Naandika haya leo, mwezi wa kumi na moja, kwa sababu jana orodha ya wanaokwenda Kanada imebandikwa ubaoni Kakuma. Abuk. Watoto wawili. Na Nyibol, mama. Karani aliuliza huyu ni mama wa nani, na Abuk akajibu, "Wangu." Nyaruach yuko Nairobi kwa ndugu zake. Huwa anapiga kuwasalimu watoto. Mamer sijui, na kwa mara ya kwanza maishani sijauliza.

Sasa wasomaji wangu, somo mnalijua lakini nitalisema. Mwanamume anaweza kubadilisha nchi, suti na mke, akapanda boti yenye vitanda vya hariri. Lakini tumbo lake lina watu waliolilisha, na hao hawasahau. Ukitaka kujificha, usimdanganye aliyekupikia.

Na wewe dada unayengoja, mwaka wa pili, wa tatu... siwezi kukuambia uache. Mimi si mtu wa kufunga mlango. Ila uliza kwanza kama yeye anajua kwamba anangojewa.

Abuk ameniachia kile kikombe cha ziada, kile cha bati alichokuwa akimwekea Mamer kila jioni. Nyumba imejaa kama kawaida. Nakuleu ananiuliza kama aipoze chai yangu.

Aache. Naungua kidogo, lakini nimechoka kuhesabu.