Kipanya Kilichofichwa

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo na kumaliza kazi za shule, Umulisa na kaka yake Rwema walikaa barazani kwao, mtaa wa Nyakabanda, wakicheza mchezo wa kulenga shabaha kwenye simu. Kidole gumba cha Rwema kilikuwa kizito. Kila alipolenga, risasi zilipita pembeni.

Siku moja aliazima kipanya cha kompyuta, akamwomba Umulisa amsaidie. Umulisa alipenda mambo ya mipangilio. Alikiunganisha na simu kwa waya, akafungua programu inayogeuza mwendo wa kipanya kuwa mguso wa kidole, akatenga upande wa kulia wa kioo uwe wa kulengea. Mwanzoni alama ya shabaha iliruka kama panzi. Akapunguza kasi kidogo kidogo mpaka ikatulia. Rwema alimhakikishia kwamba ni cha mazoezi tu.

Jumamosi vijana wa mtaa walishindana, kila mmoja akicheza kutoka kwao. Sharti lilikuwa kutumia vidole peke yake. Umulisa alipoingia chumbani, alimkuta kaka yake ameshika kipanya, amekwisha kuwashinda wote, hata Shafiq, rafiki yao, mtoto wa fundi cherehani wa jirani.

Jioni Shafiq alikuja kumpongeza Rwema na kumwomba amfundishe. Rwema, bila kupepesa macho, alimwonyesha namna ya kulaza kidole gumba ubavu, namna aliyoitunga papo hapo. Shafiq akairudia kwa bidii huku akishukuru. Umulisa alikwenda kunawa mikono, ingawa haikuwa na uchafu.

Kesho yake Shafiq alikuwa na lengelenge kidoleni. Rwema alicheka alipomwona akipita. Mezani, isombe, ile mboga ya kisamvu, ilimshinda Umulisa kumeza. Mama yao, Kabagwira, alimuuliza kama anaumwa.

"Siumwi, Mama. Rwema ananitia kinyaa. Aseme mwenyewe, au nitasema mimi."

Rwema alidai kwamba ule ni mchezo tu, lakini mama alipoendelea kumtazama, alieleza yote. Umulisa naye alikiri kwamba ndiye aliyekipanga kipanya, na kwamba Jumamosi alikiona akanyamaza.

Mama aliwapeleka kwa Shafiq. Rwema aliomba radhi akiwa ameinamisha kichwa. Shafiq alikitazama kidole chake.

"Ungeniambia ni kipanya," alisema, "ningekuja kujifunza kipanya."

Siku hiyohiyo Rwema alimpigia simu msimamizi wa mashindano, na ushindi ukahamia kwa Shafiq.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mama alisema, "Kipanya hakina kosa, wanangu. Yuko mtu ambaye vidole vyake havimtii, naye kingemfaa sana. Kosa lilikuwa kukificha. Lakini kumwacha rafiki aumie huku akikushukuru kwa uongo wako, huo ni uchafu ambao maji hayautoi. Ukweli ndio unaoutoa, hata ukichelewa."