Kadi ya Baba wa Bibi Harusi

"Hapa kwa baba umwandikie 'na mwenzi wake', mama."

"Mwenzi gani?"

Scholastika aliinama, akajifanya anapanga kadi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Yule wa Keko. Mama, si sote tunajua?"

Evarista akaweka kalamu chini. Alikuwa amekaa barazani, Mtaa wa Sikukuu, nyuma ya cherehani yake, kadi za harusi ya bintiye huyo zimetandazwa juu ya sare za shule alizokuwa akizishona. Ulikuwa mwaka 1975, siku zile mchele wa shughuli unaombewa kibali na kila sahani inahesabiwa. Ndiyo maana kila kadi ilibidi iseme wazi: mgeni anakuja peke yake, au na mwenzi wake. Mpiga chapa alikuwa ameacha vitone mahali pa jina, vijazwe kwa mkono. Na kazi hiyo Evarista hakutaka kumwachia mtu. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu katika darasa la jioni la watu wazima. Alianza a, e, i, o, u akiwa na miaka thelathini na minane.

"Huyo ni mume wangu, Schola. Tulifunga ndoa mbele ya altare. Leo nimwandikie kwa mkono wangu mwenyewe kwamba ana mwenzi mwingine?"

"Basi andika jina lake tu."

"Aje na huyo mwanamke, arudishwe mlangoni? Watu waseme Evarista kalipiza kisasi kwenye harusi ya mwanawe?"

Zeina, mke wa mwenye duka la mbele, alikuwa mlangoni kwake akichagua mchele, masikio yote yako barazani.

"Shoga, kosa haliko kwenye vitone. Liko juu. Hebu soma hapo juu."

Evarista akasoma polepole, kidole kikifuata mstari:

"Bwana Kasmir Komba anayo furaha kubwa kukualika kwenye harusi ya mpwa wake..."

"Umeona? Kakako Kasmir ndiye mwalikaji. Baba wa bibi harusi yu hai, mzima, kila siku yuko bandarini, nawe unampelekea kadi kama jirani! Tangu lini baba akaalikwa kwenye harusi ya mwanawe?"

"Tangu siku aliyobeba sanduku lake."

"Haya, mie kinywa changu nakifunga."

Hakikufungwa. "Lakini ungekuwa humtaki, wallahi ungeshaandika. Tazama, wino unakukaukia kalamuni."

Evarista aliinua macho. Aliona ile nyumba ya zamani, mlango wa tatu kutoka hapo. Alimkumbuka mumewe Leodegar akirudi kazini, anaoga, anakaa kwenye kigoda uani na barua kutoka Songea, anamsomea mpaka salamu za mwisho, za shangazi na za mtoto wa shangazi. Yeye Evarista anakuna nazi huku akisikiliza, na mara nyingine anamwambia, "Rudia hapo," si kwa kuwa hakuelewa, bali kwa kuipenda ile sauti.

Kisha ikaja siku Leodegar alipoleta makarani wenzake nyumbani. Mmoja akauliza kama shemeji yao anasoma gazeti.

"Huyu wangu? Ukimpa gazeti atafungia vitumbua!"

Wakacheka. Evarista naye alicheka, chai ikamwagika kwenye sinia. Miezi sita baadaye sanduku likaondoka, na barua za Songea zikakaa bila kufunguliwa mpaka yeye mwenyewe alipojua kuzifungua.

Akainuka, akaingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Bwana, mkono huu umeufungua wewe. Usiache niutumie kumwumiza mtu. Wala usiache niseme uongo."

Alipotoka, aliandika bila kutua: *Bw. Leodegar Haule na mwenzi wake.* Herufi zilisimama wima kama askari.

"Mpelekee baba yako," alimwambia Scholastika. "Nenda kabla sijaichana."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, sauti ikaita barazani.

"Hodi."

Evarista aliijua kabla hajageuka.

"Karibu."

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Kaa."

Leodegar alikaa kwenye ncha ya benchi. Mvi zilikuwa zimemwingia. Shati lilikuwa jeupe, lakini vifungo viwili vilishonwa kwa uzi mweusi, mzito, fundo limekaa nje. Mwanamke hashoni hivyo, Evarista aliwaza, hata awe mvivu vipi.

"Kadi nimeipata. Nimekuja kuuliza jambo moja. Nani aliyeiandika?"

"Kwani ina makosa?"

"Haina hata moja. Ndiyo maana nauliza."

"Nimeandika mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Na gazeti nalisoma. Vitumbua siku hizi nafungia majani ya mgomba."

Leodegar alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilikuwa mjinga, Evarista."

"Mjinga mwenye cheti."

Kutoka dukani akasikika Zeina akikohoa kicheko. Leodegar alisubiri mpaka kikaisha.

"Huyo mwenzi uliyemwandika hayupo. Aliondoka mwaka wa pili tu, wala simlaumu."

"Na hukurudi."

"Nilirudi. Nilifika pale kwenye kona. Nikakuona unatoka na wenzako, daftari kwapani, mnacheka. Nikasema, huyu amefika huko bila mimi, nitamwambia nini? Nikageuza."

"Miaka mitatu unaogopa daftari!"

"Naogopa niliyoyasema."

Evarista alitazama mtaa.

"Nimeomba miaka sita niweze kukusamehe. Siku nyingine naweza, siku nyingine siwezi. Leo sijui ni siku ipi."

"Basi harusini nije?"

"Kadi unayo. Mwanao anaoa... anaolewa, Jumamosi." Alikanyaga cherehani ingawa hapakuwa na kitambaa chini ya sindano. "Nina sare za kumaliza, Leodegar."

Jumamosi kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye madirisha. Leodegar alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, mikono magotini, kama mtu aliyesindikiza mwingine. Kwaya ikaanza. Scholastika akatokea mlangoni, ameshika mkono wa mjomba Kasmir, akapita mbele ya baba yake. Alimtazama. Hatua zake zikasita.

Evarista aliliona hilo kutoka benchi la mbele. Akasimama. Akatembea kanisa zima kurudi nyuma, kitenge kipya kikilia, vichwa vikimgeukia safu kwa safu, mpaka akasimama mbele ya mumewe.

"Inuka."

"Evarista, mimi hapa ni mgeni. Kadi yenyewe..."

"Kadi niliandika mimi, na nilikosea. Mgeni gani? Inuka, mwanao anakungoja."

Leodegar akashika ukingo wa benchi. Akainuka. Kasmir akauachia mkono wa mpwa wake.

"Shemeji, mimi nilikuwa nakushikia nafasi tu," alinong'ona. "Tena umechelewa."

Leodegar alitembea na bintiye, machozi yakimwangukia shatini, wala hakuyafuta. Alipomkabidhi kwa bwana harusi, aligeuka, akasimama katikati ya njia. Hakujua mahali pake ni wapi. Evarista, aliyekuwa amesharudi mbele, akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi.

Leodegar akakaa kando yake. Kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wa mkewe, taratibu, kama mtu anayejaribu maji ya moto.

"Evarista. Na baada ya harusi?"

"Nyamaza. Padri anasoma."

Lakini mkono hakuuondoa.