Mgeni wa Meza ya Pembeni

Supu ya yule mama wa meza ya pembeni ilikuwa haipoi. Melania aliliona hilo mapema, akalipuuza. Waliingia yeye na mumewe wakakuta bakuli linafuka mvuke. Wakaletewa mkate wao, ule mrefu kama mchi, wakaletewa supu ya vitunguu yenye jibini juu, wakanywa mpaka kijiko kikakwaruza chini, na bakuli la yule mama lilikuwa bado linafuka kana kwamba limetoka jikoni sasa hivi. Mwenyewe hakuligusa. Alikaa wima na mtandio wake mweusi, mikono chini ya meza.

Hoteli hiyo ya Geita mjini watu waliiita Kwa Mfaransa, ingawa Mfaransa hakuwemo. Mwenye hoteli alikuwa Januari, mtu wa Ukerewe, aliyempikia mhandisi mmoja wa Kifaransa miaka mingi mpaka akawa hajui tena kupika kitu kingine. Melania na Magesa waliipenda kuliko mahali pengine popote. Magesa alikuwa fundi wa mitambo mgodini, na akimaliza shifti ndefu alimwambia mkewe avae vizuri, wamwache mtoto kwa jirani, waende wakale kuku wa mvinyo. Mara ya kwanza Melania aligoma, akasema yeye ni mtu wa jumuiya ya kanisa, hawezi kula pombe kwa uma. Januari akatoka jikoni kumwapia kwamba mvinyo ukichemka ulevi wake wote unaondoka na mvuke. Magesa akasema mkewe akisikia kizunguzungu ajue ni bei, si kuku.

Jioni hiyo walikuwa wanaadhimisha ndoa yao, na ukumbi ulijaa wanunuzi wa dhahabu na wanawake wenye kucha ndefu. Kuku alipowekwa mezani, Melania aliinua mkono kufanya ishara ya msalaba, kama afanyavyo nyumbani hata kwa kikombe cha chai. Mkono ukafika kwenye paji la uso. Akahisi macho ya meza ya jirani, aibu ikamshika, vidole vikageuka kurekebisha kilemba. Akala bila kuombea chakula. Mungu amsamehe, maana hakusahau. Aliona haya.

Na kama mtu anayetaka kufidia kosa hilo kwa adabu, alipogeuka na kukutana macho na yule mama aliyekaa mbele ya supu asiyoinywa, alifanya kile ambacho kila mtu aliyelelewa vizuri hufanya akikutwa anakula.

"Karibu, mama."

Watu wote hujibu asante, au nimeshiba, na kila mtu akaendelea na lake. Yule mama alitabasamu taratibu.

"Nimekaribia," akasema.

Mvuke wa bakuli lake ukakatika hapo hapo. Magesa, aliyekuwa amempa mgongo, alidhani mkewe anaongea na mhudumu. Waliposimama kuondoka, ile meza ilikuwa tupu, na supu imeganda utando mweupe wa mafuta kama ya jana.

Nyumbani kilichotangulia kuingia ni harufu. Melania alikuwa anapika dagaa, na jiko lote likanuka siagi inayoungua, vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vyeusi, na mvinyo uliochacha. Akifunua sufuria, dagaa. Akifunika, siagi. Kisha ikaja sauti. Wamekaa wote watatu wanakula ugali kwa mikono, na pale mezani uma unasikika ukikwaruza sahani. Magesa alisema ni panya, lakini aliacha kula ili asikilize.

Halafu mtoto wao Blessing, wa miaka mitano, akaanza kulia njaa. Mwanzoni walicheka. Magesa alimwita mchimbaji, kwa jinsi alivyouchimba ugali mpaka sahani ikang'aa. Lakini akishamaliza analia, akiongezwa analia, na mbavu zikaanza kuonekana kupitia gauni. Hospitali walimpima minyoo, malaria na sukari, wakakuta hana kitu. Daktari akamwuliza Melania kwa ukali kama nyumbani kwao kuna chakula, na Melania alilia njia nzima ya kurudi.

Mchana mmoja, akimlisha uji, alimwuliza mtoto kwa sauti ya chini kinachomsumbua.

"Yule bibi ameingiza mkono wake ndani ya mkono wangu," Blessing akasema. "Nikila, kinaenda kwake."

Wanajumuiya walikuja kusali. Wakaimba, wakafukiza ubani, wakanyunyiza maji ya baraka kila kona, na harufu ya siagi ikaondoka. Ilirudi pamoja na sahani ya kwanza iliyotoka jikoni. Mama Eufrasia, mwenyekiti wao, akamwuliza Melania kama kuna jambo lolote hajalisema. Melania akasema hakuna. Kwa mara ya pili aliona haya, na safari hii mtoto wake alikuwa amelala mkekani mbele yao, mwepesi kama nguo iliyokauka kambani.

Ndipo Magesa, kabla ya kuingia shifti, akampigia mama yake aje kutoka Tinde. Bibi Nyamizi alifika na jogoo na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Melania alipiga magoti kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu, mama yangu." Bibi alisimama mlangoni, akanusa, akatazama pale Blessing alipokaa. "Huyu mgeni wenu ni nani? Na kwa nini mmemkalisha na mtoto?"

Melania alimvuta jikoni, akamwambia yote kwa kunong'ona, msalaba alioukatisha na karibu aliyoitoa. Bibi Nyamizi hakumkaripia. Alikaa kwenye kigoda akinyonyoa jogoo wake mpaka akamaliza.

"Sala inafukuza mwizi," akasema mwishowe. "Huyu si mwizi, ameingia kwa mlango. Ulimwita ukiwa umeona haya kumwita Mungu. Haondoki, mayu. Anahama tu. Mtu anayekula sinia moja na mtoto amwambie ahamie kwake, kwa hiari yake, kwa mdomo wake."

Hakusema ni nani. Hakukuwa na haja.

Jioni, Magesa akiwa bado mgodini, waliketi watatu kwenye sinia moja. Bibi aliombea, wote wakafanya ishara ya msalaba, Blessing akanyoosha mkono wake uliokonda, na Melania akauona mkono ule ukituna kidogo kwenye vidole, kama mfuko unaotiwa kitu, na harufu ya siagi ikapanda mpaka macho yakamwasha, na uma ukaanza kukwaruza bati la sinia ingawa hapakuwa na uma, na alijua kwamba sasa ndio wakati, maneno ni machache na anayo, lakini akawaza nani atamlea mtoto huyu, Magesa atamwoa nani, yule mwingine atamsuka nywele vipi, na tonge lilikuwa tayari mdomoni mwake, na wakati mama mkwe akimtazama, bila ukali, kama mtu anayesubiri mwenzake avue viatu, Melania alilimeza tonge na akanyamaza.

"Mgeni," Bibi Nyamizi akasema, "mwache mtoto. Hamia kwangu."

Harufu ilisogea juu ya sinia kama mtu anayenyanyuka na kuzunguka migongo ya watu. Mkono wa kuume wa bibi ukatetemeka ndani ya ugali, mishipa ikasimama, kisha ukatulia na kuanza kula haraka kuliko mwenyewe alivyotaka. Blessing akaegemea ukuta, akacheua.

"Mama, nimeshiba."

Alfajiri bibi aliondoka kurudi Tinde. Hata chai hakutaka, na akakataza wasimfuate.

Blessing alinenepa, akarudi kucheza rede na wenzake. Kutoka Tinde jirani wa bibi, Agnetha, alikuwa anapiga simu kueleza kwamba Bibi Nyamizi anapika masufuria makubwa kama ya msiba, anamaliza peke yake, na khanga zinamdondoka kiunoni. Magesa alitaka kumpeleka mama yake Kolandoto hospitali, kisha amlete Geita akae nao. Melania kila mara alipata sababu ya kuzuia. Barabara, shifti, mtoto ana mafua. Alikwenda kuungama, akausema ule msalaba alioukatisha, padre akamwondolea dhambi. Lile tonge hakulisema.

Jumapili moja, vyombo vya chakula cha mchana bado viko mezani na Magesa amelala, simu ikaita. Alikuwa bibi mwenyewe, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama inatoka nyuma ya ukuta.

Aliulizia mtoto. Melania akasema hajambo, amekula.

"Mimi nakwisha, mayu," Bibi Nyamizi akasema. "Nimemshikilia nilivyoweza. Anaona hapa hakuna kilichobaki, na tangu jana anamwulizia Blessing."

Kwenye simu, karibu kabisa na sikio, kuna mtu alikuwa anatafuna.

Melania alichungulia nje. Blessing alikuwa amekwepa mpira, anacheka, miguu yake minene imejaa vumbi jekundu. Magesa alikoroma chumbani. Melania alifanya ishara ya msalaba, kwa ukamilifu, bila haraka, huku simu imebanwa begani, na alipofika Amina akafungua mdomo.

"Mwambie aje kwangu," akasema.

Kule Tinde kutafuna kukakoma. Kisha akamsikia mama mkwe akishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani, akimwita Agnetha amletee uji.

Melania aliweka simu mezani, pembeni ya sahani yake aliyotoka kuimaliza. Akasikia njaa.