Ua Jeupe Mlangoni kwa Mama Jayant

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Sitara alikuwa na kazi mbili: kufagia nyumba yao ya Kariakoo, kisha kukimbia na kikapu mpaka duka la kaya, lile la vyakula vya mgao, kushika foleni. Ulikuwa mwaka wa shida. Sembe nyeupe ilikuwa haionekani, na waliobahatika walipata unga wa njano, ule watu walioupachika jina la Yanga, timu ya jezi za njano. Mama yake, Bi Sabaha, aliusonga bila malalamiko, lakini mdogo wake Sitara aliukodolea macho tu ugali ule mpaka ukapoa.

Asubuhi moja Sitara alipotoka nje aliona jambo lililomduwaza. Nyumba ya pili, Mama Jayant, fundi cherehani wa Kihindi, alikuwa amechuchumaa mbele ya kizingiti chake. Mkono mmoja ulishika bakuli. Katikati ya vidole vya mkono wa pili ulichuruzika unga mweupe, laini, ukianguka sakafuni. Alizungusha duara, akatia nukta, akaunganisha nukta kwa mistari. Taratibu likatokea ua zuri, kubwa kama sinia la pilau.

"Shikamoo, Mama Jayant."

Mama Jayant hakuinua kichwa. Alikuwa akinong'ona kwa Kigujarati, macho yake yote sakafuni.

Sitara aliondoka amechanganyikiwa. Unga unamwagwaje chini, siku hizi, mjini hapa? Tena na mtu mzima mwenye akili zake, ambaye juzi tu alimrefushia gauni la shule? Alitaka kulisifu lile ua, na papo hapo alitaka kulia. Redio ilitangaza kila siku habari za wahujumu uchumi walioficha bidhaa. Mwalimu naye alisema raia mwema hufichua maovu. Lakini Mama Jayant? Hapana. Mbona basi unga?

Kwenye foleni alishindwa kunyamaza. Alimnong'oneza Celina, mwenzake wa darasa la sita, "Mama Jayant anachezea sembe. Anaimwaga mlangoni!"

"We! Umeiona?"

"Kwa macho yangu haya."

Basi. Maneno hayana miguu, lakini foleni ina masikio. Kwa Celina zilikuwa konzi mbili za unga. Katikati ya foleni zikawa debe. Mkiani, karibu na kona, Mama Jayant alikuwa na magunia matatu chini ya kitanda, na bwana mmoja aliapa kwamba aliyaona yakishushwa.

Mchana Sitara aliporudi kutoka shule alikuta watu wamejaa. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Fikirini, alikuwa amesimama mlangoni kwa Mama Jayant pamoja na mgambo wawili. Lile ua la sakafuni lilikuwa limekanyagwa, halitambuliki. Mama Jayant aliegemea ukuta huku amejikumbatia.

Mgambo mmoja akatoka ndani ameinua bakuli. "Magunia hatujayaona, Mzee, lakini unga huu hapa!"

"Si unga wa kula, baba," alisema Mama Jayant. "Nisikilizeni."

"Wote husema hivyo," alisema yule mgambo. " Utajieleza kituoni."

Nilisema kweli, Sitara alijiambia. Niliona. Lakini magunia yametoka wapi? Mimi sikutaja gunia hata moja! Je, niliyoyasema ni kweli nusu, au uongo nusu? Hakujua. Alichojua ni kwamba jirani yake anapelekwa kituoni, na kwamba neno la kwanza lilitoka kinywani mwake yeye. Akapenya katikati ya watu wazima.

"Shikamoo, Mzee. Ni mimi niliyesema."

"Marahaba. Ulisema nini?"

"Kwamba anamwaga sembe."

"Uliishika?"

"Sikuishika."

"Ulimwuliza mwenyewe?"

"Nilimwamkia, hakuitikia. Sikumwuliza." Machozi yalimlenga. "Naomba niishike sasa."

Akachovya vidole kwenye bakuli, akasugua, akanusa. Mwanafunzi gani asiyeijua harufu ile?

"Chaki! Ni chaki, Mzee! Hebu nusa!"

Mzee Fikirini akanusa, akapiga chafya mbili mfululizo. Watu wakaangua kicheko, na yule mgambo akaweka bakuli chini bila kumtazama mtu.

"Mafundi tunachorea vitambaa kwa chaki," alieleza Mama Jayant. "Vile vipande vinavyobaki nimevitunza, nikavitwanga. Leo ni Diwali, sikukuu yetu ya taa. Tunapamba mlango ili Lakshmi, mungu wetu wa kike wa neema, apate kuingia. Marehemu mama yangu alichora kwa unga wa mchele, ili sisimizi nao wapate kula. Mwaka huu nani ana mchele wa kumwaga? Basi nimemchorea Lakshmi, wamekuja mgambo."

"Tuwie radhi, mama," alisema Mzee Fikirini, akainamisha kichwa.

Sitara alikuwa akilia waziwazi. "Nisamehe, Mama Jayant."

"Nimekusamehe. Asubuhi nilikuwa nahesabu nukta. Nikikosea moja, ua lote linapinda. Ungengoja kidogo tu, mwanangu."

Bi Sabaha alipopata habari hakumpiga. Alimwambia, "Kesho utaanzia kichwani mwa foleni mpaka mkiani. Kila mtu umwambie ilikuwa chaki."

Kesho yake Sitara akafanya hivyo, uso umemwiva kwa aibu, mama yake akimfuata kwa nyuma. Kabla hajafika mkiani, mzee mmoja akamwahi. "Ehe, binti! Nasikia yule mama ana chaki. Magunia mangapi?"

Sitara akamgeukia mama yake. "Mama, mbona leo nimesema kweli tupu, na bado imeharibika?"

"Ndiyo maana wakasema kuuliza si ujinga," alijibu Bi Sabaha. "Jicho lako liliona weupe tu. Aliyejua ni kitu gani ni mwenyewe, na swali moja lingetosha. Sasa neno umeshalitoa, si lako tena, kazi yako ni kulikimbiza. Haya, rudi mbele uanze upya."

Sitara akavuta pumzi, akarudi kichwani mwa foleni.

"Shikamooni," akaanza. "Haikuwa sembe. Wala hakuna magunia."